Aliyemfundisha Ardis Kurusha Kamba

Siku ile wageni walipofika, Ardis Tveit alikuwa hajazungumza na mtu kwa siku tisa. Hakulijua hilo mpaka alipofungua kinywa kuwakaribisha, sauti ikatoka kama bawaba ya mlango iliyokosa mafuta msimu mzima. Akakohoa, akajaribu tena.

"Karibuni. Farasi wako kule. Choo kiko huku."

Hotuba ikaishia hapo.

Wanawake watano walikuwa wamesimama mbele ya nyumba yake na mabegi yao, miguuni wamevaa buti mpya za ngozi ambazo hazijaonja kinyesi cha ng'ombe hata mara moja. Milima ya Snowy ilikuwa bado na theluji vichwani ingawa Juni ilikwisha ingia, na mbele yake nyasi zilikwenda na kwenda mpaka macho yakachoka kuzifuata. Upepo ulikuwa ukiwapekua wageni mifukoni na kwenye kola, kama ulivyompekua kila mtu tangu baba yake Ardis alipojenga pale.

"Mama yangu!" alisema mmoja wao, mfupi, mnene, aliyefunga nywele zake nyeusi kwa kitambaa chekundu. "Jirani yako wa karibu anakaa wapi?"

"Maili tisa."

"Sasa ukiishiwa chumvi?"

"Siishiwi."

Yule mwanamke alicheka mpaka begi likamponyoka. Aliitwa Rosalba Quintero, na kazi yake ilikuwa kutengeneza meno ya bandia huko Spokane. Vidole vyake vilikuwa vya fundi: vifupi, safi, havitulii. Ardis alivitazama vile vidole kabla hajamtazama uso, akajisemea moyoni kwamba huyu atajua kamba.

Shauri la kuwaleta wanawake pale halikuwa lake. Lilikuwa la Kendra, mkwe wa jirani yake Merle Sandvik. Kendra alikuwa mtu wa kompyuta na maneno mengi, na alikuwa amemfuata Ardis mara nne akimwambia kwamba mijini kuna wanawake wanaotamani kuja kujifunza kazi ya ng'ombe: kupanda farasi, kurusha kamba, kuhamisha kundi. Siku nne tu, shangazi. Mimi nitapika, wewe utafundisha. Ardis alikataa mara tatu. Mara ya nne ilikuwa Machi, na Machi ya huko humfanya mtu akubali jambo lolote lenye sauti ya watu ndani yake.

Maana kaka yake, Orrin, alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Alianguka asubuhi ya Februari akiwavunjia ng'ombe barafu ili wanywe maji. Ardis alimkuta amelala chali, kofia ikiwa bado kichwani, shoka pembeni. Alikaa naye kidogo. Halafu ng'ombe walipomzunguka wakilia kwa kiu, aliliokota lile shoka, akamalizia kuivunja barafu, ndipo akaenda ndani kupiga simu. Mjini watu walilisimulia jambo hilo kwa muda mrefu. Wengine walisema ana moyo wa jiwe. Waliofuga ng'ombe hawakusema kitu.

Hakuna kati yao wawili aliyewahi kuoa au kuolewa. Waliishi nyumba moja tangu wazazi walipokufa, miaka arobaini na mmoja, wakila meza moja, wakifanya kazi moja. Orrin hakuwa mtu mbaya. Hakunywa, hakupiga, hakufoka. Ila maneno aliyatoa kwa kijiko cha chai, kama dawa inayokaribia kwisha. "Mvua inakuja." "Yule mwekundu atazaa leo." "Nipe sukari." Kuna siku za baridi kali ambapo hata hayo hayakutoka, na kilichosikika ni kijiko na sahani na upepo.

* * *

Siku ya kwanza Ardis aliwafundisha kumtandika farasi. Hakujua namna ya kufundisha, kwa hiyo alifanya jambo mara moja taratibu, kisha akamwachia mtu afanye mwenyewe, na akikosea alisema, "Tena." Akipata pia alisema, "Tena." Ilipofika saa ya chakula cha mchana Rosalba alikuwa ameshampa jina.

"Bi Tena anaita, jamani! Amkeni, Bi Tena kashika hatamu!"

Wenzake walicheka wakashikana mabega. Ardis aligeuka kujifanya anakaza mkanda wa tandiko. Alikuwa hajapewa jina la utani tangu shule ya msingi, na hakujua kama inampasa akasirike au acheke, na alipokuja kuamua acheke, wao walikuwa wameshahamia kichekesho kingine.

Ndivyo ilivyokuwa siku zote zile. Alifika kwenye mazungumzo kama mtu anayefika kituoni na kukuta treni imetoka.

Siku ya pili mmoja wao, Maribeth, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alipanda farasi akatembezwa duru moja ndani ya zizi, kisha akaanza kulia pale pale juu ya tandiko. Si kwa woga. Alisema mume wake alikuwa na ahadi ya kumleta mahali kama pale wakistaafu, na sasa amestaafu yeye na mume hayupo. Wenzake walikuwa mbali. Aliyekuwa karibu ni Ardis, ameshika lijamu. Maribeth alimtazama kutoka juu akisubiri neno, neno lolote. Ardis alilitafuta. Alijua kabisa kwamba kuna maneno ya saa kama ile, na kwamba watu wengine wanayo mdomoni kama wanavyokuwa na mate. Mwishowe alinyoosha mkono, akakaza mkanda wa tandiko ambao tayari ulikuwa umekazwa.

"Hautalegea," alisema.

Maribeth alipangusa macho, akasema ahsante. Ardis alikwenda na aibu ile siku nzima.

Jioni, Kendra alipopakua maharagwe na nyama, wanawake wale walijaa mezani, wakaanza kusimuliana habari za waume na mabosi na magoti yanayouma. Ardis alikula haraka akasema anakwenda kuwatazama farasi. Hao farasi alikuwa ameshawatazama. Alisimama nyuma ya banda, jua likiwa bado juu ya vilima, akasikiliza. Kicheko kilitoka dirishani kikavuka uwanja. Alikuwa ameishi katika nyumba ile miaka sitini na mitano na hakuwahi kuisikia ikicheka. Ilikuwa kama kumwona ng'ombe wako mwenyewe kwenye zizi la mtu mwingine: unamjua kila doa, lakini si wako tena.

* * *

Kamba waliianza siku ya tatu, Ijumaa. Nyuma ya banda palikuwa na gogo lenye miguu minne, na mbele yake limepigiliwa pembe za ng'ombe wa zamani. Ardis alisimama hatua kumi, akafungua kitanzi, akakizungusha mara mbili juu ya kofia, akaachia. Kitanzi kilikwenda kikakaa juu ya pembe bila kelele, kama mtu anayetundika koti.

Wakasogea wote karibu.

"Kiwe kikubwa," alisema. "Zungusha kwa kifundo cha mkono, si kwa bega. Ukiachia, mkono uendelee kuonyesha unakotaka kifike. Tena."

Kwenye kamba Ardis alikuwa mtu mwingine. Alizungumza. Aliwashika vifundo vya mikono, akawasogeza miguu, akamwambia mmoja, "Unaichapa hewa, hewa imekukosea nini?" na wote wakacheka, na safari hii kichekesho kilikuwa chake. Rosalba, kama Ardis alivyotabiri, alishika pembe kwenye jaribio la sita, akapiga kelele iliyowafurusha kuku kutoka kivulini. Baadaye wengine walipokwenda kunywa maji, yeye alibaki akikunja kamba.

"Bi Ardis, wewe nani alikufundisha haya?"

"Hakuna."

"Acha bwana. Lazima kuna mtu. Baba?"

"Hakuna aliyenifundisha," alisema Ardis, akaenda kuwafungulia farasi.

Na hakusema uongo. Baba yake alimfundisha Orrin. Kila Jumapili baada ya kanisa alimsimamisha mwanawe ndani ya zizi, akamshika mkono, akamwambia kuhusu kifundo na bega na kidole. Ardis, aliyekuwa na miaka minane, alikuwa akipelekwa kuokota mayai. Kwenye banda la kuku, ukilala kifudifudi, palikuwa na ubao uliochomoka, na katika ufa ule alijifunza kila kitu. Alitazama mkono wa baba, akatazama mkono wa Orrin, akaona mahali unapokosea. Kisha alichukua kipande cha kamba kuukuu, akaenda bondeni kwenye kijito ambako hakuna wa kumwona, akarusha kwenye visiki. Alirusha kiangazi kizima. Siku baba alipomkuta huko hakumpiga. Alisimama akamtazama akirusha mara tatu, na mara zote tatu kisiki kikanaswa. Kisha akaichukua kamba mkononi mwake, akaikunja vizuri, akaondoka nayo.

Aliendelea bila baba kujua. Baba alipokufa, ranchi aliachiwa Orrin, na Ardis akaachiwa chumba chake na haki ya kukaa. Kazini, wakiwa wawili peke yao, Orrin alimwachia kamba kama kawaida. Mtu mmoja hawezi kuwamaliza ndama wote. Lakini kila mwisho wa majira ya kuchipua, majirani walipokusanyika ranchi hii na ile kuwapiga ndama chapa, Orrin alipanda farasi na wanaume wengine, na Ardis akapewa bomba la sindano ya chanjo. Miaka arobaini. Ikawa ni kazi yake, na watu wakaisifia kwa moyo mweupe: hakuna anayechanja kama dada yake Orrin. Hata jina lake walikuwa wameliweka kabatini.

* * *

Jumamosi ilikuwa siku ya chapa kwa Merle Sandvik, na Kendra alikuwa amewaahidi wanawake kwamba watakwenda kuona na kusaidia. Walifika saa mbili asubuhi. Ng'ombe walikuwa wameshatengwa na ndama wao, na kelele ya mama wakiita watoto ilikuwa nzito kiasi kwamba watu walizungumza kwa kupiga makelele masikioni. Moto wa gesi ulikuwa ukinguruma juu ya vyuma vya chapa. Merle, mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na miwili mwenye mgongo ulionyooka kama nguzo ya seng'enge, alitembea katikati ya watu akigawa kazi.

Kugawa kamba ni heshima anayoitoa mwenye ng'ombe. Watakaopewa huingia na farasi ndani ya kundi, wakanasa ndama miguu ya nyuma, wakamburuta taratibu mpaka kwenye moto, ambako wengine humkandamiza chini apigwe chapa na kuchanjwa. Merle alitaja watu wanne. Wote wanaume. Kisha akamletea Ardis bomba la sindano, kwa upole, kama anayemletea mtu kiti chake.

"Na yeye?" Rosalba aliuliza kwa sauti.

"Yeye nini, mama?"

"Yeye hapandi farasi? Ametufundisha kamba siku nzima jana. Anawazidi hao wote!"

Palikuwa na kicheko. Mmoja wa wale wanne, Dwayne Hovland, aliinamia ile pembe iliyo mbele ya tandiko lake. "Dada, gogo halikimbii," alisema. "Gogo hata bibi yangu analinasa, na kafa!"

"Rosalba, acha," alisema Ardis. Masikio yalikuwa yakimwaka moto. Angepata shimo la panya angeingia.

Lakini Merle hakuwa amecheka. Alikuwa akimtazama Ardis, kofia ameisogeza nyuma. "Unataka, Ardis?" aliuliza.

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Swali lilikuwa dogo hivyo, na limechukua miaka arobaini kufika. Ardis aliitazama sindano mkononi mwake. Akamgeukia Maribeth, akampa. "Chini ya ngozi ya shingo," alisema. "Usiharakishe." Akaenda akampanda Juniper, farasi wake jike wa kijivu.

Kamba yake ya kwanza ilikosa. Kitanzi kilianguka mavumbini, na Dwayne akapiga mluzi. Ardis akaivuta, akaikunja. Alijua alichokosea: alikuwa ameufikiria mkono. Akaacha kuufikiria. Ndama mwekundu alipita mbele ya Juniper, kitanzi kikaingia chini ya tumbo lake kikasimama wima kama mlango uliofunguliwa, na ndama mwenyewe akatia miguu yote miwili ya nyuma ndani yake. Ardis akazungusha kamba kwenye pembe ya tandiko, akageuza farasi, akamleta motoni. Akarudi. Akaleta wa pili. Wa tatu. Ilipofika wa kumi watu wa chini walikuwa wakimngoja yeye, kwa sababu ndama wake walifika wamelala sawa, hawarushi mateke. Ilipofika wa ishirini, Dwayne alimpisha njia. Wanawake wake wanne walikuwa wamekaa juu ya uzio wakishangilia kila ndama, na Maribeth alichanja kimya, ulimi nje kwa umakini, hakukosea hata mmoja.

Ardis hakuwasikia. Ndani yake palikuwa pametulia sana. Kuna saa mtu anafanya jambo lililo lake mbele ya macho ya watu, na dunia inakuwa na ukubwa unaostahili.

Walipomaliza, watu wakakaa kwenye nyasi na sahani za nyama na saladi ya viazi. Merle alikuja na sahani yake akasimama mbele yake. Wote wakanyamaza kumsikiliza.

"Lo, Ardis," alisema. "Orrin alikufundisha vizuri."

"Kweli," alisema Dwayne. "Mkono wa Orrin mtupu ule."

Vichwa vikaitikia vyote. Ardis alishika uma wake. Aliona ufa wa ubao, na kijito, na visiki. Aliona kwamba akifungua kinywa itambidi aanze mbali sana, na wote wanakula.

"Ahsante," alisema.

Katika pikapu wakirudi Rosalba alikaa karibu naye, miguu imejaa mavumbi. Kwa mara ya kwanza alikuwa ananong'ona.

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Uliniambia hakuna aliyekufundisha."

"Orrin amekufa."

"Najua. Mungu amrehemu. Lakini kufa hakumfanyi mtu kuwa mwalimu."

Ardis aliendesha. Baada ya maili mbili alisema, "Kesho mtaondoka mapema. Kuna mvua." Na kweli ilikuwapo.

Walimkumbatia wote watano Jumapili asubuhi, mmoja baada ya mwingine, naye akasimama mikono imemning'inia, akiwa hajui aiweke wapi. Rosalba aliandika namba yake ya simu kwenye kalenda ya jikoni, kwa herufi kubwa zilizofunika wiki nzima ya Julai. Gari likapungua, likawa vumbi, vumbi likawa upepo. Ardis aliingia ndani akafua mashuka kumi, akayaanika, akayaanua kabla ya mvua. Harufu ya manukato yao ilikuwa bado ukumbini. Alifungua madirisha, halafu akayafunga haraka.

* * *

Neno la Merle lilimkaa kama mwiba wa mbigili chini ya soksi. Aliamka nalo Jumatatu. Jumanne alijaribu kutengeneza uzio, akajikuta amesimama na koleo la waya mkononi, akiwajibu watu wasiokuwapo. Saa tano aliwasha pikapu akaenda maili tisa.

Merle alikuwa amelala chini ya mashine ya kukatia nyasi. Alitoka akipangusa mikono kwa kitambaa.

"Ardis? Kuna ng'ombe wako amevuka?"

"Hapana." Alikuwa amelipanga njiani, na sasa lilitoka lote kwa mkupuo mmoja. "Orrin hakunifundisha. Jumamosi ulisema alinifundisha. Hakunifundisha, wala baba. Nilijifunza peke yangu. Nimekuja kukuambia hilo tu."

Merle alikunja kitambaa, akakiweka juu ya gurudumu. "Najua," alisema.

"Unajuaje?"

"Orrin aliniambia."

Ng'ombe mmoja alilia huko malishoni. Merle akaegemea mashine.

"Tulikuwa tunakwenda wote mnadani, unakumbuka, kila vuli. Saa tatu njiani. Alikuwa akizungumza njiani, ukimwacha. Alisema, 'Dada yangu alijifunza kwa kunichungulia mimi, na ananizidi. Nikirusha kamba akiwa ananitazama naona haya.' Akasema hajaona mkono kama ule."

"Lini?"

"Ee, zamani. Miaka ishirini. Lakini si mara moja. Alipenda kulisema."

"Kwa nani mwingine?"

Merle alijikuna shavu. "Kwa watu. Sisi wazee tunajua."

"Mnajua." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi mbona mlinipa sindano?"

"Hukuomba kamba."

"Na nyie hamkuuliza."

"Hatukuuliza," alikubali Merle. Alitazama buti zake. "Tulimwachia Orrin aseme. Naye hakusema. Ukipanda wewe, yeye angeonekana vipi? Tukanyamaza, mwaka ukapita, mwingine ukapita. Jambo likishazoeleka linakuwa kama ukuta, mtu anasahau kwamba lilijengwa."

"Na Jumamosi? Kwa nini ulisema vile?"

"Nilikuwa natafuta neno zuri, Ardis. Watu wote wametulia wananitazama. Nikadhani ungependa kusikia jina lake." Akakichukua tena kile kitambaa. "Nisamehe. Njoo ndani unywe kahawa."

"Nina kazi," alisema Ardis.

Hakuwa na kazi. Aliendesha maili nne akasimamisha pikapu kando ya barabara, mahali pasipo na kitu, akazima injini.

Alikuwa amekwenda kuwaambia ukweli watu wasioujua, na kumbe wasioujua hawapo. Ulikuwa umezunguka bonde lote, kwa Sandvik, kwa Hovland, mnadani, kwenye magari ya watu, miaka ishirini. Nyumba moja tu haukuingia. Alijaribu kukumbuka asubuhi moja, jioni moja, ambapo Orrin aliinua uso kutoka kwenye sahani na kufungua kinywa kisha akakifunga. Huenda zilikuwapo. Huenda ndizo zile alizodhani anatafuta sukari. Walikaa bega kwa bega miaka yote hiyo, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze, kama watu wawili wenye adabu mlangoni, mpaka mmoja akafa.

Alilia basi, kwa hasira kwanza. Alimwita Orrin mpumbavu kwa sauti, ndani ya pikapu, madirisha yamefungwa. Kisha hasira ikaisha, ikabaki ile hamu tu ya kusikia neno lile kwa sauti yake yeye, si kwa mdomo wa Merle Sandvik mwenye mafuta ya mashine mikononi. Na hilo halikuwa na fundi wa kulitengeneza.

* * *

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei, Merle alipotaja watu wa kamba alianza na Ardis. Dwayne Hovland naye alimtaja kwake, na wengine wakafuata, na mtu akisikia leo jina la Ardis Tveit katika bonde lile ataambiwa habari za kamba kabla hajaambiwa kitu kingine. Hayo aliyapata. Mke wa Merle humwalika chakula cha Jumapili. Alikwenda mara mbili, akarudi amechoka kuliko siku ya kuzalisha ng'ombe, kisha akaanza kutoa udhuru. Wanawake wa Kendra huja kila Juni, wengine wapya, buti mpya. Huwafundisha, hucheka nao kidogo zaidi ya zamani, na bado jioni hutoka kwenda kuwatazama farasi.

Rosalba ndiye aliyepiga simu, maana Ardis asingepiga. Alipata namba kwa Kendra. Alipiga Jumapili moja ya Oktoba saa nane mchana, akazungumza dakika ishirini kuhusu meno ya mzee fulani aliyekuwa akiyapoteza makusudi ili aje kumwona, na Ardis akacheka mpaka akaketi. Tangu hapo hupiga kila Jumapili. Ardis hujibu kwa maneno machache, humwambia theluji imefika wapi na ng'ombe gani amezaa, na Rosalba husema, "Ehe, endelea," kama anayesikiliza habari kubwa.

Taabu ni pale simu inapowekwa chini. Kimya cha nyumba ile alikuwa amekizoea, alikaa ndani yake kama ndani ya koti la zamani. Lakini kimya kinachokuja mara tu baada ya sauti ya Rosalba ni kingine, kina meno. Mara za kwanza kilimkuta amekaa pale pale jikoni, akashindwa kusimama mpaka giza linaingia. Siku hizi amepata dawa yake. Ikikaribia saa nane huvaa koti, huvaa buti zake zote mbili na kuzifunga, hutia glavu mfukoni, ndipo huketi karibu na simu kusubiri ilie. Wakishaagana, mkono mmoja huweka simu chini, na wa pili unakuwa umeshafika kwenye kitasa cha mlango.